Barua ya Wazi kwa Waliokabidhiwa Misitu Yetu: Mnahesabu Miche, Mimea Je?

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya misitu, utafiti na elimu,
Unguja na Pemba.

Assalamu alaikum.

YAH: MIMEA YA ASILI YA VISIWA VYETU KUKATWA, KUPANDWA NA KUTAFITIWA BILA YA WENYE VISIWA KUIJUA

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli moja ya sekondari, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimeshazipita zote. Barua nilizipeleka kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nikaambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko Unguja. Mkubwa aliporudi kutoka Unguja, faili likawa limekwenda Unguja. Karani mmoja, mtu muungwana kabisa, alinishauri nikifupishe kichwa cha barua ili kisomeke haraka. Nilikifupisha. Leo nimekirefusha tena, na safari hii nawaandikia mbele ya watu.

Lalamiko langu ni moja, ingawa nitalipanga kwa namba. Mnahesabu miche. Kila sherehe ya kupanda miti inatangazwa kwa idadi, kila ripoti inafunguliwa kwa idadi, na idadi hiyo kila mwaka inakua. Hatuambiwi ni mimea gani, imepandwa kwenye udongo wa namna gani, mingapi ilikuwa hai mwaka uliofuata, wala pale palikuwa na nini kabla ya kupandwa. Mmea haukai pahala kwa bahati nasibu. Umekaa hapo kwa sababu mizizi yake, majani yake na mbegu yake vimepatana na mahali hapo kwa muda mrefu kuliko umri wa idara yoyote. Asiyejua mapatano hayo, akipanda anapoteza miche, na akikata hajui alichokikata.

1. Mikoko inapandwa kana kwamba yote ni mti mmoja.

Mwambao wetu una aina zipatazo kumi za miti ya mikoko. Mzee yeyote aliyewahi kukata boriti atakutajia bila ya kufikiri: mlilana, mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi, msikundazi, kikandaa. Na kila mmoja atakuonyesha unakaa wapi. Mlilana (Sonneratia alba) uko mbele kabisa, upande wa bahari, unafunikwa na maji kila yanapojaa, na mizizi yake hutokeza juu ya tope ili ivute pumzi. Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) unashika nyuma yake, kwenye tope laini, umejitegemeza kwa mizizi iliyopinda mithili ya magoti. Mkandaa unarudi nyuma zaidi, palipo pagumu. Mchu (Avicennia marina) ni mvumilivu wa chumvi kuliko wengi, ndiyo maana utaukuta hata kule juu ambako maji hufika kwa bamvua tu, yanapojaa kupita kawaida, na ardhi imebaki nyeupe.

Wanafunzi wangu nawapeleka kwenye mchu maji yakipwa, nawaambia walambe jani. Wanacheka, wanalamba, wanatema. Juu ya jani kuna chembe za chumvi za kuonekana kwa macho, zinametameta jua likizipiga. Mti umevuta maji ya bahari, umetumia maji, chumvi umeitoa kupitia vitundu vya jani. Halafu tunasogea kwenye mkoko, tunalamba tena, na mara hii hakuna wa kutema. Mkoko chumvi yake nyingi unaizuia mapema, kwenye mizizi, isiingie. Miti miwili katika bahari moja, na kila mmoja una njia yake. Somo ambalo kitabu kinalimaliza kwa mistari mitatu, wanalikumbuka mpaka kwenye mtihani.

Sasa tuje kwenye upandaji. Mbegu ya mkoko ni rahisi kupandwa. Inaota ikiwa bado mtini, inarefuka, inadondoka tayari ni mche, na kazi ya mpandaji ni kuokota na kuchomeka. Watu waliovaa fulana za mradi wanaimaliza ghuba kwa asubuhi moja, na picha zinatoka nzuri. Mbegu ya mlilana ni ndogo, kuiotesha kuna tabu, na mradi wa miezi michache hauna subira nayo. Kwa hiyo unapandwa mkoko, kila pahala mkoko. Unapandwa hata kule mbele kwenye mchanga wa wazi ambako mkoko haujaota tangu wazee wajue, na wakati mwengine juu ya majani ya baharini ambayo kina mama wanayategemea kwa kuokota chaza na kaa. Katika ghuba moja ya huku kwetu nilikuta safu zimenyooka kama mpunga wa kupandikiza. Kusi ilipoanza, mawimbi yakailaza miche, mwani ukaizonga, na kabla ya vuli hapakuwa na safu. Ripoti ilibaki na idadi ile ile ya siku ya kupanda.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sehemu nyingi hazihitaji kupandwa kabisa. Pakiwa na miti mama karibu, na njia ya maji ikiwa haijazibwa na barabara au tuta, mbegu zinaletwa na maji yenyewe, na kila aina inajichagulia pahala pake. Kinachotakiwa ni kulizibua kalvati. Lakini kalvati lililozibuliwa halina miche ya kuhesabu.

2. Misitu inalindwa, lakini haisomwi.

Nawashukuru kwa ulinzi, na nasema hivyo kwa dhati. Sheria Namba 10 ya 1996 ya kuhifadhi na kusimamia rasilimali za misitu ilifungua mlango mkubwa, hata shehia zikaweza kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao. Jozani na Ghuba ya Chwaka vikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Bila ya juhudi hizo, baadhi ya mimea nitakayoitaja tungeisoma makumbusho.

Lakini tuangalie Ngezi, na mtanisamehe nikikaa hapa kidogo, maana Mpemba ukimgusia Ngezi hamalizi. Ni msitu wa hekta zipatazo 1,440 kule kaskazini magharibi, mabaki ya msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu kuenea. Pemba si sawa na Unguja kwa historia yake. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi. Zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka kwa mita 120 hivi, Unguja iliungana na bara, na mnyama au mbegu viliweza kuvuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Pemba ilibaki kisiwa, na kilichokuwako kisiwani kikaendelea kivyake.

Ndiyo maana tuna mpapindi. Mtende huu (Chrysalidocarpus pembanus, vitabu vyengine vinauita Dypsis pembana) kiasili hauoti popote duniani isipokuwa Pemba, na jamaa zake wengi wako Madagaska. Nendeni kwenye hoteli yoyote ya ufukweni mkatizame mlangoni. Mitende ile ya mapambo yenye mashina ya manjano iliyopangwa kwenye vyungu ni Dypsis lutescens, binamu yake wa Madagaska, imenunuliwa kwa pesa. Mpapindi wetu sijaukuta kwenye kitalu hata kimoja nilichoingia.

Na kwenye mchanga mweupe wa Ngezi, ule uliooshwa na mvua mpaka ukakosa rutuba, kuna vichaka vya Erica mafiensis. Jamaa za mmea huu Mtanzania anakutana nazo akipanda Kilimanjaro, kule juu msitu unapoanza kuisha na baridi inapouma. Hapa ziko karibu na usawa wa bahari, kwenye joto. Kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza darasani: "Maalim, mmea wa baridi unatafuta nini Pemba?" Nilimwambia pengine si baridi inayouweka, ni umaskini wa udongo. Majani yake madogo, membamba, yaliyokunjika, yanabana matumizi, na pahala ambapo miti mikubwa inashindwa kula, wenyewe unapata nafasi. Lakini mimi sitaki aamini neno langu. Nataka apime tindikali ya udongo ule na wa msituni, ahesabu kilichoota kila upande, aniletee jawabu lake.

Msitu wa hifadhi ulio jirani na skuli yetu una maswali ya namna hiyo kila hatua. Ili darasa liingie kupima, si kukata, kupima tu kwa kamba na daftari, panahitajika kibali. Kibali kinataka barua ya skuli, barua inataka maelezo ya utafiti, maelezo yanataka saini ya mtu ambaye hayupo. Mgeni anayekuja kutembea analipa kiingilio, anaingia. Mtafiti wa kutoka ng'ambo anapata kibali kwa utaratibu unaoeleweka, na ni haki yake, simwonei wivu. Darasa la watoto waliozaliwa ukingoni mwa msitu ule linaambiwa lisubiri.

(Msomaji wa Pemba ataniuliza mbona sijautaja mgomba mwitu. Upo, Musa acuminata, ndizi yake imejaa kokwa. Si wa asili ya hapa, kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, na wataalamu bado wanajadiliana ulifikaje kwetu. Nauweka kwenye mabano kwa sababu barua hii ni ya mimea ya asili, lakini mwenye kutaka kusoma historia ya mabaharia wa Bahari ya Hindi aanzie hapo.)

3. Ardhi ya maweni inaandikwa "kichaka" na kutolewa.

Mashariki na kusini ya Unguja, na upande wa Micheweni kwa huku Pemba, ardhi ni jiwe la matumbawe. Udongo umejificha kwenye mashimo, mwengine haujai kapu. Mvua ya masika inapita kwenye nyufa na kupotea chini. Kaskazi inapokausha, Januari na Februari, mtu asiyejua anaona miti mifupi iliyopukutika na kusema hapa hapana kitu.

Kupukutika kwenyewe ndiko kunakouweka hai. Mti unaoacha majani wakati wa ukame unapunguza maji yanayopotea. Mwengine haupukutishi bali una majani magumu yenye kung'aa, na mizizi inayofuata ufa wa jiwe mpaka kwenye unyevu. Mbuyu unaweka maji kwenye shina na kufungua maua yake usiku, saa ambazo popo wanatembea. Mkwamba, mgo, mdimu msitu, kila mmoja una hila yake, na hila hizo hatujaziandika.

Nitoe mifano miwili ya mimea ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kuna mmea mdogo wa kivulini uitwao Zamioculcas zamiifolia, unaoota kiasili kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Maji yake unayaweka kwenye kiazi kilicho chini ya ardhi, unaweza kukaa muda mrefu bila ya kumwagiwa, na jani dogo moja tu likianguka linaweza kutoa mmea mpya. Wafanyabiashara wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo uko kwenye ofisi za dunia nzima. Sokoni huko unauzwa hata kwa jina la johari ya Zanzibar. Nasikia zimo ofisi hapa kwetu zilizoununua kutoka nje, na chungu chake juu. Mfano wa pili ni Coffea pseudozanguebariae, kahawa mwitu ya misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambayo mbegu yake haina kafeini kwa maumbile. Viwanda vinatumia mitambo na gharama kuitoa kafeini kwenye kahawa ya kawaida. Mmea huu haujaiweka kabisa.

Sisemi kila kichaka kina utajiri wa aina hiyo. Nasema hatuwezi kujua kama hatukuangalia. Nimewahi kusoma tathmini ya mazingira ya mradi mmoja wa hoteli kwenye ardhi ya maweni. Sehemu ya mimea ilikuwa aya moja. Ilitaja mnazi, mwembe na "vichaka vya kawaida". Aliyeandika hakushuka kwenye gari, au alishuka wakati wa kaskazi.

Na tukishamaliza kufyeka, tunapanda nini? Mvinje, au akasia ya Australia (Acacia auriculiformis). Inakua haraka, inatoa kuni, na kuni watu wanazihitaji, sipingi. Ipandwe, lakini iitwe kwa jina lake: shamba la kuni. Isiingizwe kwenye hesabu ya msitu wa asili uliorejeshwa.

Nichomekee jambo la pembeni. Mgeni anayekwenda kwenye ziara ya mashamba ya viungo anaonyeshwa karafuu, ambayo kwao ni visiwa vya Maluku, na vanila, ambayo kwao ni Mexico na nchi jirani zake. Anaondoka akidhani ameiona mimea ya Zanzibar. Hakuna anayemwambia kwamba pwani ya Afrika Mashariki ina vanila yake ya mwituni, Vanilla roscheri, isiyo na majani ya maana, inayotambaa na shina nene la kijani linalofanya kazi ya majani. Karafuu imetulea, sina neno nayo. Lakini iliyotangulia nayo ipewe angalau kibao.

4. Vielelezo vinaondoka, taarifa hazirudi.

Hili ni la zamani. John Kirk, aliyekuwa daktari na kisha balozi wa Uingereza hapa Zanzibar katika karne ya 19, alikusanya mimea ya pwani hii na kuipeleka Kew, London. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki ilichapishwa sehemu kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, zaidi ya aina 12,000. Humo Unguja imepewa herufi Z na Pemba herufi P. Ni kazi ya heshima, na aliyeifanya hakutukosea. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na karatasi zilizokaushwa ambazo ndizo ushahidi wake ziko London, Nairobi na kwengineko. Mwalimu wa Wete akitaka kuhakikisha kama mmea aliookota ni huu au ule, aende wapi?

Watafiti wa siku hizi bado wanakuja. Wanaishi nasi vizuri, wanakula nasi futari. Wakiondoka, kijiji hakiachiwi hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema walichokikuta. Hilo si kosa lao peke yao. Kibali mnatoa nyinyi, na sharti mnaweza kuliweka nyinyi.

5. Wajuzi wanakwisha.

Bibi mmoja wa kijiji cha jirani anatambua mti usiku kwa kuukwangua gome na kunusa. Mganga, mkata kuni, mtengeneza ngarawa, mchoma chokaa, hawa ndio wataalamu wa mimea tuliobaki nao, na wengi ni watu wazima sana. Wajukuu zao wanasoma jinsi dungusi wa Mexico anavyovumilia ukame, kwa sababu ndiye aliyemo kitabuni.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshapewa uso kwa uso.

Mtasema bajeti haipo. Ninayoyaomba hapa chini mengi ni karatasi, saini na chumba kimoja. Bajeti ya fulana za siku ya kupanda miti ingetosha kuanzia.

Mtasema wanafunzi wataharibu msitu. Wanaokata miti usiku hawaombi kibali. Anayekuja mchana na daftari, na mwalimu wake mbele, ndiye wa kwanza atakayekupigia simu akiona kisiki kibichi.

Mtasema wananchi hawana elimu ya uhifadhi. Hapa naomba mumkumbuke popo wa Pemba (Pteropus voeltzkowi). Alikuwa anaelekea kupotea kwa kuwindwa, na haishi kwengine popote duniani. Vijiji vilipoelezwa, vikaunda klabu zao, vikawalinda, na popo wakaongezeka. Leo watu wanakwenda Kidike kuwaangalia. Popo huyo ni miongoni mwa wanyama wanaobeba mbegu za matunda ya msituni. Bila ya wabebaji hao msitu haujitanui. Wananchi walioweza kumlinda mnyama waliyekuwa wanamla hawashindwi kulinda mti.

Mtasema pia, na hili niliambiwa na mtu ninayemheshimu, kwamba mti ni mti, ardhi ikifunikwa inatosha. Huyo namkaribisha kwetu maji yakipwa, alambe majani mawili.

Ninachoomba ni hiki, na nimekipanga kuanzia kilicho rahisi:

(a) Utaratibu mwepesi wa skuli kuingia kwenye misitu ya hifadhi kwa masomo: fomu moja, isainiwe wilayani na mwalimu mkuu, ijibiwe ndani ya wiki mbili. Darasa lisitozwe kiingilio.

(b) Kila ripoti ya upandaji itaje aina kwa jina la Kiswahili na la kitaalamu, pahala, udongo, na idadi iliyo hai baada ya miezi kumi na mbili. Kwa mikoko, pasipandwe kitu kabla ya kuwauliza wazee wa shehia hapo zamani palikuwa na mti gani, na kabla ya kuangalia kama njia ya maji iko wazi.

(c) Kila kibali cha utafiti kiwe na sharti: nakala ya vielelezo ibaki visiwani, na muhtasari wa Kiswahili upelekwe kwa sheha wa pahala palipotafitiwa. Nakala ya pili iende skuli ya karibu.

(d) Tathmini za mazingira kwenye ardhi ya maweni zifanywe mara mbili, masika na kiangazi, na orodha ya mimea iambatanishwe. Neno "vichaka" lisikubaliwe kuwa orodha.

(e) Chumba kimoja hapa Pemba cha kuhifadhia mimea iliyokaushwa, chenye makabati yasiyoingia unyevu na wadudu, na kiwe wazi kwa mwalimu na mwanafunzi. Vyumba vitupu nitawaonyesha.

(f) Kitalu cha mimea ya asili, angalau kimoja kila kisiwa: mpapindi, mtondoo, mvule, mlilana na mengineyo yatakayokubaliwa. Hoteli zinazotaka mapambo zinunue hapo.

(g) Daftari la mimea kwa kila shehia, liandikwe na wanafunzi wakiwa pamoja na wazee, kwa majina yanayotumika shehia hiyo hata kama Makunduchi wanauita vyengine na Micheweni vyengine. Walimu wa sayansi tunajitolea kuanza, hatudai posho. Tunachotaka ni barua ya kututambua ili masheha wasitufukuze.

Kipengele (a) na (c) havihitaji hata shilingi moja, kwa hiyo hivyo naviombea jawabu kabla ya masika. Vyengine tupeni ratiba. Kama jawabu ni hapana, liwe hapana ya maandishi yenye sababu, ili tujue tunabishana na nini. Nakala zenye muhuri wa kupokelewa ninazo, na nitazileta kwenye kikao chochote mtakachoniita, Chake au Unguja, siku yoyote isiyokuwa ya mtihani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Bayolojia
Mkoa wa Kaskazini Pemba

Nakala:
Masheha wa shehia zinazopakana na misitu na mikoko
Walimu wakuu wa skuli za sekondari, Unguja na Pemba
Kamati za hifadhi za vijiji
Ubao wa matangazo